Kampuni Tatu za Intaneti za Bustani Njema

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye hasemi aliitoa wapi. Isome yote kwanza, ndipo umtumie mwenzio, hasa kama anatafuta nyumba.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu, jina lake Sikudhani. Alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alinunua nyumba katika mtaa mpya nje kidogo ya Dodoma, uitwao Bustani Njema. Nyumba zote zilikuwa za rangi moja na vibaraza vya aina moja. Hata maua mbele ya milango yalilingana kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi.

Lakini mwalimu hakuwa amestaafu kabisa. Kila asubuhi alifungua kompyuta akafundisha wageni walioko ng'ambo. Kundi lake kubwa lilikuwa mapadri wanane wa Poland, waliojiandaa kuja kufanya kazi Sumbawanga.

Tatizo lilikuwa mtandao. Bustani Njema ilikuwa na kampuni moja tu ya intaneti, Kipanga. Mwenye mtaa, Bwana Mwombeki aliyezijenga nyumba hizo, aliandika kwenye mkataba wa kila nyumba kwamba ni marufuku kuchimba mtaro au kuweka dishi juu ya paa.

"Tunalinda sura ya mtaa," alisema.

Basi ukitaka intaneti ni Kipanga. Usipoitaka Kipanga, kaa uangalie maua.

Na huyo kipanga hakuruka. Alitambaa.

Siku moja mwalimu alikuwa anafundisha adabu za salamu. Akasema polepole, neno baada ya neno: "Ukikutana na Askofu, usije ukamwambia 'mambo vipi'."

Picha ikaganda katikati ya sentensi. Kilichofika Poland kilikuwa hiki: "Ukikutana na Askofu... mwambia 'mambo vipi'."

Padri Tomasz, mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote, akaandika kwenye daftari. Juma lile lile aliitwa kwenye simu ya video na Askofu wake wa Sumbawanga. Akakaa sawasawa, akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa, "Baba Askofu, mambo vipi!"

Askofu ni mtu mwema. Alijibu, "Poa."

Katibu wake hakuwa mwema kiasi hicho. Alimwandikia mwalimu barua: masomo yasipotengemaa katika miezi miwili, mapadri watatafutiwa mwalimu mwingine. Mwalimu aliisoma barua ile mara tatu, na mara zote tatu hakuona kosa hata moja la sarufi. Hilo lilimuumiza zaidi.

Akaenda kwa jirani yake, Mzee Chiduo, aliyekuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Wakapita nyumba kwa nyumba wakakusanya saini, kisha wakampelekea Bwana Mwombeki ofisini.

"Mnataka kuchagua?" akawauliza, akicheka kwa upole. "Ni haki yenu. Nipeni siku kumi."

Siku ya kumi wakaja mafundi wenye mashati ya kijani, wakasema wao ni kampuni ya Swala. Kesho yake wakaja wenye mashati mekundu, wakasema wao ni Mshale. Bustani Njema ikapika pilau.

Baada ya pilau ukaanza ushabiki. Watu wa Swala waliwacheka watu wa Kipanga, na watu wa Mshale hawakusalimiana na mtu. Katika nyumba namba kumi na nne mume alijiunga na Swala na mke Mshale. Kila mmoja aliweka ruta yake upande wake wa kitanda, na intaneti ilipokatika kwa wote wawili dakika ile ile, wakalaumiana.

Mzee Chiduo alihama Kipanga Jumatatu akaenda Swala. Alhamisi akahamia Mshale.

"Mwalimu, Mshale ndiyo yenyewe!" akapiga kelele kupitia ukutani.

Saa mbili baadaye akasema, "Ndiyo yenyewe, lakini si sana."

Mwalimu naye alihama mara mbili, akaenda Mshale kisha akarudi Kipanga, na mara zote picha iliganda vile vile. Mwezi mmoja ukaisha. Asubuhi moja Padri Tomasz alipotea kwenye kioo akiwa mdomo wazi, katikati ya neno "ninyi". Mwalimu akachukua simu akaipigia Kipanga.

"Karibu Kipanga," ikajibu sauti laini. "Mama, kwa kipindi hichi tunafanya maboresho."

"Kipindi hiki," mwalimu akasema.

"Naam?"

"Si hichi, mwanangu. Ni hiki. Kitu hiki, kiti hiki, kipindi hiki."

"Asante mama. Hiki."

Akawapigia Swala, aulize kama kwao kuna nafuu. Ikajibu sauti nzito, ya mtu kama aliyemeza gunzi. "Karibu Swala. Mama, kwa kipindi hi..." Ikakohoa. "Kipindi hichi tunafanya maboresho."

"Hiki," mwalimu akasema, sasa akikunja uso.

"Hiki, mama. Samahani sana."

Akakaa kidogo. Kisha akawapigia Mshale. Ikapokea sauti nyembamba, ya puani.

"Karibu Mshale. Mama, kwa kipindi hiki tunafanya maboresho."

Mwalimu akaisogeza simu karibu na sikio.

"Umesema vizuri sana," mwalimu akasema. "Nani amekufundisha?"

Kisha sauti ya puani ikaondoka, ikaja ya kawaida, yenye huzuni. "Ni wewe, mwalimu. Sasa hivi tu."

Aliitwa Gwakisa. Zamani aliigiza michezo ya redioni, na michezo ilipopungua akapata kazi hii. Alikuwa na simu tatu kwenye meza moja, zote spika wazi, katika chumba kidogo nyuma ya tangi la maji la mtaa ule ule.

"Na nyaya?" mwalimu akauliza.

"Waya ni mmoja, mwalimu. Ukihama, nabadilisha jina lako kwenye daftari. Mwenye Kipanga, Swala na Mshale ni huyo huyo aliyejenga nyumba."

Mwalimu alikasirika mpaka miwani ikaingia ukungu. Lakini Gwakisa akamsihi. "Nikisema hadharani nitafukuzwa. Nina watoto wanne."

"Hutasema neno," mwalimu akamwambia. "Fanya kazi yako tu. Jumapili, simu zikiita, zipokee zote. Na usizime spika."

Jumapili hiyo Bwana Mwombeki aliweka hema kwenye uwanja wa mtaa. Alikuwa amejenga nyumba nyingine themanini na amealika wanunuzi. Kulikuwa na maji ya matunda, viti vya vitambaa, na mama mmoja mwenye kofia pana aliyetaka nyumba mbili.

"Na intaneti?" mama yule akauliza.

"Hapa unachagua mwenyewe!" Bwana Mwombeki akasema. "Tuna kampuni tatu, zinashindana mpaka zinatoana jasho."

Mwalimu Sikudhani akainuka. "Ni kweli, mgeni wetu. Hebu tuzisikie zikishindana."

Yeye akaipigia Kipanga, Mzee Chiduo akaipigia Swala, na mama mwenye kofia akapewa namba ya Mshale. Simu zote tatu zikawekwa mezani, spika wazi.

"Karibu Kipanga," ikasema simu ya mwalimu.

"Karibu Swala," ikasema simu ya Mzee Chiduo, na simu ya mwalimu nayo ikasema hivyo hivyo.

"Karibu Mshale," zikasema zote tatu.

Mzee Chiduo akainamia simu yake. "Haloo?"

"Haloo?" ikajibu Kipanga kwa sauti ya Mzee Chiduo.

"Haloo?" ikajibu Mshale, pia kwa sauti ya Mzee Chiduo. Mzee akaruka nyuma akamwaga maji yake ya matunda.

Mama mwenye kofia akasogea. "Samahani, ndugu. Wewe uko kampuni gani?"

Kisha simu zote tatu zikajibu pamoja, kama kwaya: "Niko mezani, mama."

Hema zima likaangua kicheko. Mume na mke wa namba kumi na nne walishikana mikono, wakicheka na kulia.

"Ni hitilafu ya mitambo," Bwana Mwombeki akasema, akijifuta shingo.

"Hitilafu gani hiyo inayojua kuitika?" akauliza mama mwenye kofia. Akakunja karatasi ya ramani ya nyumba, akachukua mkoba wake. Wanunuzi wengine nao wakaanza kutafuta funguo za magari.

Bwana Mwombeki aliwatazama wakienda, akatazama nyumba zake themanini zisizo na watu. Akamkimbilia yule mama mpaka kwenye gari. Pale pale, mbele ya mashahidi, akaandika kwamba kampuni yoyote ruksa kuingia Bustani Njema na kupitisha waya wake.

Wiki mbili baadaye zikaja kampuni mbili za kweli, zenye wamiliki tofauti. Zilichimba mitaro, zikang'oa nusu ya maua. Hakuna aliyeuliza habari za maua. Mwalimu akachagua moja, na mapadri wote wanane wakabaki kwake.

Gwakisa hakufukuzwa. Wateja waliobaki Kipanga walisema katika kampuni ile ni yeye peke yake aliyewahi kuitika. Sasa ana simu moja. Zamani mteja akisema "nahama", aliandika jina kwenye ukurasa mwingine akaendelea kunywa chai. Siku hizi akisikia neno hilo anaacha chai, anavaa viatu, na anakwenda mwenyewe kuangalia waya una nini.

Funzo: Ukipewa milango mitatu uchague, usishukuru kabla hujachungulia ndani, huenda yote inaingia chumba kimoja, na anayekungoja ni yule yule uliyekuwa unamkimbia.