Kwa Nini Samadi ya Mianzi Huombwa kwa Jirani

Kabla majani makavu hayajawekewa mkubwa wa kuyasimamia, msitu wa mianzi wa Lwangilo ulijitunza wenyewe. Majani yalianguka yakaoza palepale, ng'ombe walipita wakaacha walichoacha, na udongo ulikuwa mweusi, mwororo, ukiukanyaga unazama hadi kifundo. Kila masika machipukizi yalitoka manene kama mkono wa mwanamume. Watu waliyakata ncha, wakakinga utomvu kwa mbeta, vile vikopo vya mwanzi, na jioni wakanywa ulanzi wakasahau walichogombania asubuhi.

Ikatokea siku moja mgeni wa mtwa, yaani mtawala wa milima ile, akateleza juu ya majani akaketi chini bila kukusudia. Mtwa akaona haya. Baraza likakaa siku nane kumtafuta mkosaji, na siku ya tisa likampata: majani. Mtu mmoja aitwaye Kihongosi akapewa fimbo nyeusi na cheo cha Msimamizi wa Majani Yaliyoanguka. Amri ikatoka kwamba msitu ufagiliwe kwa zamu, taka zake zichomwe mpakani, na mnyama yeyote asiuingie, maana mnyama hana adabu.

Mwaka wa kwanza msitu uling'aa kama uwanja wa harusi. Mwaka wa pili machipukizi yakatoka membamba kama vidole. Mwaka wa tatu udongo ulikuwa mgumu kama sakafu ya kupuria ulezi. Mvua ikinyesha, maji yanakimbilia bondeni bila hata kuisalimu mizizi. Kihongosi hakuona neno. Kila mwezi alipeleka kwa mtwa taarifa ileile, kwamba msitu ni safi. Na kweli, ulikuwa safi.

Watu wakahama, nyumba baada ya nyumba, wakafuata milima yenye mianzi hai. Ilipofika kiangazi cha nne, katika kilima chote alibaki Semlowe peke yake, na ng'ombe wake mmoja. Mumewe, Mgimwa, alikuwa amelala chini ya kichaka cha mianzi walichokipanda wawili hao mwaka waliooana. Binti yake alikuja kumwambia ahame. Semlowe akakataa. Wakabishana hadi uji ukapoa, kisha wakapatana: masika yakija na kichaka kile kisitoe chipukizi hata moja, atafunga mzigo wake aondoke.

"Na asiniambie mtu baadaye kwamba sikungoja," alisema binti, akashuka njia yake.

Semlowe alikumbuka kwamba zamani pale walipolala ng'ombe ndipo mianzi iliponenepa. Basi alfajiri alizoa samadi zizini ikiwa bado inafuka moshi, akairundika kwenye mashina. Baada ya siku chache majani yakageuka manjano, na mianzi miwili mizuri ikakauka imesimama. Alikaa kaburini asubuhi nzima akimwomba mumewe radhi. Alikuwa amemlisha mgonjwa chakula cha moto.

Ng'ombe mmoja hafanyi samadi nyingi, na hiyo aliyonayo ilikuwa mbichi. Akaenda kwenye nyumba zilizohamwa. Katika zizi la Nyato, jirani aliyekuwa akimwazima ungo, alikuta samadi ya miaka mitatu, imechanganyika na majivu na mabua, baridi, nyeusi, yenye harufu ya mvua. Alipoitia mkono akawakuta nyungunyungu wamejaa, wakihangaika kama watu wa gulio. Tangu alipobaki peke yake hakuwa ameona umati mkubwa namna ile.

Akaibeba tenga kwa tenga. Akamaliza kwa Nyato, akaenda kwa kina Mgovano, kisha kwa mzee Kiswaga aliyekuwa hapendani naye. Kila alipomwaga tenga alitaja mwenye nyumba na kumwamkia: kamwene, Nyato, kamwene, Mgovano. Hakuitikiwa na mtu. Juu ya samadi alirudisha majani makavu, akaacha kufagia.

Kihongosi akapata habari, pengine kwa upepo, maana watu hawakuwapo. Akapanda kilima na fimbo yake. Wafagiaji walikuwa wamehama wote. Hata taarifa zake, ilisemekana, mtwa alikuwa akiwashia moto. Akasimama mbele ya kichaka akauliza uchafu ule ni wa nani.

"Huu ni wa Nyato," alisema Semlowe. "Ule pale ni wa kina Mgovano. Huo unaoukanyaga, bwana, ni wa mzee Kiswaga. Wenyewe wameondoka, nimebakiwa na hawa."

Kihongosi akaiegemea fimbo yake ili atoe hukumu kwa heshima. Fimbo ikazama udongoni hadi mkononi, naye nusura aifuate. Kwingine kote msituni ilikuwa ikigonga kama juu ya jiwe. Hukumu haikutoka. Akaomba maji ya kunywa, akakaa hadi jua likapinda, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini haondoki.

Masika yakaja. Binti alipofika na kamba ya kufungia mizigo, alimkuta mama yake amechuchumaa kandokando ya machipukizi matatu, manene, yenye manyoya, moja likimfikia goti. Akarudi na kamba yake.

Habari zikatembea, na watu wakaanza kurudi wakiuliza dawa. Wa kwanza alikuwa Nyato. Akakuta zizi lake limekombwa, akaja kwa Semlowe kulalamika. Semlowe akamwonyesha samadi ya ng'ombe wake, iliyokwisha kulala masika mazima, akamwambia achote. Nyato akasema basi mwakani atatumia ya kwake.

"Ya kwako atakuja kuichukua mwingine," alisema Semlowe. "Ukitumia ya kwako, kwangu utakuja lini?"

Tangu hapo, watu wa milima ile hawakati ncha ya mwanzi kabla ya kuulisha, na hawaulishi samadi mbichi, wala ya zizi lao wenyewe. Wanaiomba kwa jirani, na wakiimwaga wanamtaja jina. Ndiyo sababu hata mkaa-pweke wa mwisho kilimani, yule ambaye hana wa kumwuliza ameamkaje, mara moja kwa mwaka husikia hodi mlangoni, akajikohoza, akatafuta sauti ya kuitikia.