Punda wa Kidawa na Sheria ya Kutosimama

Hapo zamani, katika mji wa Mwangani, alikuwako Sultani akiitwa Shatiri, naye alikuwa amejenga chuo kikuu cha elimu ambacho sifa zake zilienea bara na pwani. Wanafunzi walitoka mbali kuja kusoma nahau, sheria, tiba na falaki. Basi ikawa kila asubuhi watu wanamiminika langoni, huyu juu ya punda, huyu juu ya ngamia, huyu juu ya nyumbu, na kila mtu humwacha mnyama wake pale pale aliposhukia, akaingia darasani bila ya kutazama nyuma.

Hata siku moja Sultani akaenda kukitembelea chuo chake, na farasi wake akabanwa baina ya ngamia na ukuta, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Yule ngamia akageuza shingo, akamtazama Sultani kwa utulivu, kisha akampigia chafya kilembani.

Sultani akarudi kwake, akabadili kilemba, akatunga sheria. Pakawekwa mawe meupe uwanjani mwa chuo, na ikapigwa mbiu kwamba mnyama wa sheikh au wa mtu mwenye cheo atasimama penye jiwe, na mnyama mwingine yeyote atakayesimama uwanjani humo atiwe pingu mguuni, kisha apelekwe kwenye tanuu la chokaa akabebe mawe. Kazi hiyo akapewa Akida Feruzi, mtu mwaminifu sana, ambaye akipewa amri haulizi ilikotoka wala iendako. Siku ya kwanza alimtia pingu mbuzi wa mkewe mwenyewe, naye mkewe akakataa kumpikia.

Na katika mji huo alikuwako mwanamke mmoja mjane, jina lake Kidawa, ambaye hakuwa na kitu duniani ila nguo aliyojitanda na punda mzee aliyeachiwa na marehemu mumewe. Punda huyo alimwita Bwana Shauri, kwa kuwa kila jambo alimuuliza yeye kwanza, na kwa sababu hiyo watu walimhesabu Kidawa kuwa punguani. Kila siku alikwenda chuoni, akakaa chini ya dirisha la darasa la nahau, akasikiliza masheikh wakibishana, maana mabishano ya wanazuoni yalimpendeza kuliko chakula, na chakula chenyewe hakuwa nacho. Punda hakuweza kumwacha nyumbani, kwani alipoachwa peke yake alilia hata majirani wakatoka na magongo.

Basi siku moja Kidawa alikuwa ameshughulika kusikiliza, na alipogeuka akamwona Bwana Shauri ana pingu mguuni, na Akida Feruzi amesimama juu yake. Kidawa akapiga ukelele, maana alijua kwamba punda aingiaye kwenye tanuu la chokaa harudi. Akamfuata Akida mpaka barazani kwa Sultani, akaanguka kifudifudi.

Sultani akauliza, "Mwanamke huyu ana nini?"

Akida akanena, "Maulana, punda wake amekutwa uwanjani pasipo jiwe."

Kidawa akainua kichwa. "Maulana, umri wako uzidi. Mimi ni mjinga, naomba nifahamishwe. Sheria yako inakataza punda kufanya nini?"

"Kusimama," akajibu Sultani.

"Basi naomba Akida aulizwe, alipomtia pingu punda wangu, alikuwa amesimama?"

Sultani akamtazama Akida. Akida, ambaye hakujua kusema uongo, akajikuna shingo. "Maulana, alikuwa amelala. Tena alikuwa anakoroma."

Baraza zima likaangua kicheko, na masheikh wakaziba midomo kwa mikono ya majoho yao. Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira. Akasema kwa sauti kuu, "Vema! Mfungueni punda wake. Na tangu kesho mawe yang'olewe, na sheria iwe hivi: hapana mnyama kusimama ndani ya chuo, wala kulala, wala kupiga magoti, wala kuegemea ukuta. Akiisha kupita lango, na aende! Atakayekoma kwenda, apigwe pingu hapo hapo. Nawe, ewe mwanamke mwenye ulimi, kesho utamleta punda wako asubuhi, ukae naye uwanjani mpaka alasiri. Akikoma kwenda, ataingia kwenye tanuu, na wewe utatoka katika mji wangu."

Kidawa akasema, "Nimesikia, Maulana. Na sheria hii ni ya punda wangu peke yake, au ni ya kila mnyama?"

"Ya kila mnyama!" akanguruma Sultani. "Hata farasi wangu mwenyewe. Umeridhika?"

"Nimeridhika, Maulana."

Lakini njiani machozi yalimtoka, kwa kuwa Bwana Shauri alikuwa mzee, na tangu mumewe afe hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Akamwambia, "Bwana Shauri, umesikia hukumu. Wasemaje?" Punda akanyosha masikio, akaendelea na safari yake, hatua moja, kisha baada ya kitambo, hatua ya pili. Kidawa akaitazama ile miguu, akafuta machozi, akaanza kucheka peke yake, na wapita njia wakatikisa vichwa.

Kulipokucha Kidawa akaingia langoni, ameshika kamba, na punda nyuma yake. Wakaanza kuuzunguka uwanja polepole, kama wanaosindikiza jeneza. Kila kwato ilipokanyaga chini, nyingine ilikuwa hewani inafikiri. Akida Feruzi akawafuata na pingu mkononi, ameinama, anatazama miguu, na kila alipodhani punda amekoma, kwato ikasogea.

Mara akaja Sheikh Muhidini, mwalimu wa nahau, juu ya nyumbu wake, akataka kushuka. Akida akamwambia, "Sheikh wangu, usimsimamishe!" Sheikh huyo alikuwa mzee mwenye goti bovu, hakuweza kuruka, basi akazunguka. Wanafunzi wake, walipoona mwalimu hashuki, wakamfuata kwa miguu na mbao zao za kuandikia, naye akaanza somo huko huko juu. Nyuma yake akaja Sheikh Badawi wa falaki, juu ya ngamia, na ngamia asipopiga magoti hakushukiki, naye akaanza kufundisha. Kisha wakaja matabibu, na mafakihi, na wana wa matajiri, uwanja ukajaa vumbi na elimu. Sauti zikachanganyika, hata wanafunzi wakaandika kwamba kitenzi huchomoza mashariki, na kwamba mwezi ukipatwa hutibiwa kwa mafuta ya habasoda. Waliotaka kutoka wakakutana langoni na waliotaka kuingia, na kwa kuwa hapana aliyeruhusiwa kusimama ampishe mwenzake, hapakutoka mtu. Walioingia wakaungana na mzunguko, na mzunguko wote ukafuata mwendo wa yule aliye mbele, naye alikuwa Bwana Shauri.

Hata jua lilipokaribia utosini, Sultani akaja juu ya farasi wake kuona kama punda amekwisha shindwa. Akaingia kwa haraka, na kabla hajatambua, ngamia yuko nyuma yake, nyumbu yuko ubavuni, na mbele yake pana mkia wa punda.

"Kuna nini hapa?" akauliza Sultani.

Sheikh Muhidini akajibu kwa sauti iliyokauka, "Ni sheria yako, Maulana. Twaitii."

Sultani akavuta hatamu. Akida Feruzi akatoka mbio katikati ya vumbi, ameinua pingu. "Maulana, nakusihi, usimsimamishe! Pingu hii hapa!"

Basi Sultani akazunguka. Akazunguka na jua likamchoma, na jasho likamshuka mpaka ndevuni, na kila alipojaribu kupita, njia haikuwako. Mwisho akamwita Kidawa, "Ewe mwanamke, kaza mwendo!"

Kidawa akageuka kwa adabu, bila ya kukoma kwenda. "Maulana, sheria yako yasema aende. Haikusema aende vipi. Nikimpiga akaanguka, amekoma kwenda, nami nimefukuzwa mjini."

"Basi nishauri nifanyeje!"

"Mimi ni mjinga, Maulana. Lakini ningekuwa na mdomo wako, ningesema neno moja tu."

"Neno gani?"

"Lile ulilolikataza."

Sultani akamaliza mzunguko mmoja zaidi. Kisha akasimama juu ya vikuku vya tandiko lake, akapiga kelele, "Simameni!"

Wote wakasimama. Ngamia wakapiga magoti, masheikh wakateremka wakishika viuno. Uwanja ukawa kimya, na katika kimya kile ikasikika sauti ya chuma. Akida Feruzi alikuwa amepiga magoti chini ya farasi wa Sultani, na pingu ilikuwa imekwisha fungwa mguuni mwa farasi.

Sultani akatazama chini. "Feruzi, umefanya nini?"

Akida akalia. "Maulana, amesimama. Nimeanza na aliye karibu."

Sultani akatazama pingu, akamtazama Akida, akawatazama masheikh walivyotapakaa vumbi, kisha kicheko kikamtoka tumboni, akacheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. Na watu wote wakacheka, isipokuwa Akida, aliyekuwa anatafuta ufunguo.

Sultani alipotulia akafuta sheria yake mbele ya wote, akaagiza pajengwe banda la wanyama nje ya lango, pana kivuli na maji, bila ya jiwe la cheo. Akamwambia Kidawa, "Omba utakalo. Nyumba, au mavazi, au vyote."

Kidawa akapiga goti. "Maulana, kwa muda mrefu nimesikia mabishano ya Sheikh Muhidini kupitia dirishani, na kila akifika penye utamu upepo hulifunga dirisha. Naomba niingie ndani."

Sultani akampa ruhusa, pamoja na nyumba na posho ya kudumu. Sheikh Muhidini akanung'unika kidogo, lakini siku ile ile Kidawa akaingia darasani, akakaa mstari wa mbele, akanyosha mkono, akasema, "Sheikh wangu, jambo ulilosema juzi kuhusu kitenzi, mimi sikubali." Na inasimuliwa kwamba ubishi ule ulikwenda mpaka magharibi, na Sheikh akarudi nyumbani amefurahi kama mtu aliyetoka arusini. Nami niliyewahadithia, hapa ndipo nishukapo.