Karatasi ya Mgeni

Karatasi ya mgeni hutangulia kisu. Mmenisikia nikimwambia Lusajo hivyo leo asubuhi, mkacheka, mkauliza ni mgeni gani huyo asiyeonekana. Sogezeni viti basi. Kwa mvua hii ya Tukuyu wino wenu hautakauka upesi. Methali hii ilianzia humu humu karakanani, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika rola ya wino.

Siku hiyo zilibaki dakika chache tufungue maonyesho ya chapa zetu, picha za kuchongwa na kuchapwa kwa wino. Akaingia kijana amelowa hadi viatu, lakini bomba la plastiki alilolikumbatia lilikuwa kavu kabisa.

"Hodi jamani. Naitwa Bukuru, natoka Kigoma. Nimechelewa kubadilishana chapa?"

Tukatazamana. Akaendelea, "Tangazo lenu lilisema mko wachongaji kumi, na yeyote atakayefika na chapa zake kabla ya ufunguzi atapata moja kutoka kwa kila mmoja. Nimewachapia nyote."

Akazitandaza mezani: samaki aina ya migebuka wa Ziwa Tanganyika, weusi, kama wanaruka. Tangazo lile aliliandika Atuganile, fundi wetu hodari kuliko wote. Tulikuwa tumelisahau, kwa kuwa miaka mitatu hakuna aliyeliitikia.

Wachongaji tisa hawakuona taabu. Kazi zao zilikuwa za rangi moja. Wangemchapia nyingine baada ya chai. Kwa Atuganile haikuwezekana. Yeye alikuwa amechapa rangi tatu kwa kipande kimoja cha lino, ubao wetu laini wa kuchonga. Kazi hiyo mnaijua: unachapa njano kwenye karatasi zote, ndipo unakata. Unachapa kijani juu yake, unakata tena. Mwisho unachapa nyeusi. Ukishakata, njano hairudi, wala nakala nyingine haipatikani.

Kabla hajaanza kukata nilimuuliza kama tuongeze karatasi moja. Akanijibu, "Tuko kumi, Mwakyoma. Ya kumi na moja ya nani?" Nikakubali. Karatasi nzuri ilikuwa adimu.

Basi alikuwa na nakala kumi: tisa za wenzake, moja yake. Na hiyo moja ndiyo iliyomleta mama yake siku ile, kwa maana picha ilikuwa ya mikono ya mama huyo ikichuma chai. Msumari wa kuitundika ulikuwa umeshapigiliwa ukutani nyumbani kwa mama.

"Mwambie asubiri mwakani," nilimnong'oneza.

"Niliandika 'yeyote', Mwakyoma. Sikuandika 'yeyote isipokuwa mtu wa Kigoma'."

Akaichukua ile nakala, akasimama nayo, akamtazama mama yake.

"Unanitazamia nini?" mama akasema. "Mpe mwenzio. Mikono yenyewe si ninayo hapa?" Akaiinua juu tuione.

Tulicheka sana. Atuganile hakucheka. Aliinama, akaandika jina lake kwa penseli chini ya picha, taratibu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Kisha akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Ndiyo ya mwisho, dada?" Bukuru akauliza.

"Ndiyo yako."

Jioni mama alirudi nyumbani na mgebuka mmoja wa Bukuru, aliyepewa na binti yake. Akamtundika kwenye ule msumari, akawatangazia majirani kwamba amepata samaki asiyeoza wala kuibiwa na paka. Atuganile mwenyewe hana nakala ya picha ile hadi leo.

Tangu siku hiyo, humu ndani huwa tunaweka karatasi moja ya ziada kabla ya kukata mara ya kwanza. Miaka mingi mgeni haji, nasi tunaihifadhi tu kabatini. Hailalamiki.

Sasa, Lusajo, una karatasi ngapi hapo? Kumi na mbili, nanyi mko kumi na wawili? Weka kisu chini kwanza, mwanangu, ukalete nyingine. Karatasi ya mgeni hutangulia kisu.