Jina la Mtoto wa Bi Mvuke

Sogeeni. Mwenye mchele wa kuchambua achambue huku akisikiliza.

Kabla ya nyota ya kwanza, ulimwengu ulikuwa kama uji wa moto uliokorogwa vizuri mno: kote sawa, hauna bonge la kuonekana. Humo alikwama Bi Mvuke, mjamzito. Mtoto wake alikuwa nyota, na nyota haizaliwi mahali ambapo kila upande ni sawa. Inataka shimo la kujikusanyia. Akisogea kushoto, joto. Kulia, joto lile lile. "Nitabeba tumbo hili hadi lini?" akauliza. Mlango wa kutokea aende kwao haukuwepo.

Waliomsaidia ni ndugu watatu wa mumewe.

Mtetemo, kitindamimba, mikono ilimtetemeka tangu kuzaliwa. Ndiye aliyekoroga ule uji, ulimwengu ungali mdogo kuliko punje ya ulezi, akaacha vijibonge visivyoonekana. Wenzake wakamcheka: "Hata mwiko hujui kushika!"

Mtanuzi alikuwa na pupa. Kabla kope haijashuka, aliuvuta ulimwengu kama unga wa chapati, na vijibonge vikatanuka pamoja nao hadi vikawa vipana kuliko anga. Alipoachia, nguvu zake zote zikageuka joto.

"Kumbe wewe ndiye unayeniunguza!" Bi Mvuke akamfokea.

"Shemeji, nisingevuta ungekuwa na nafasi ya kulalamika?"

Wa tatu ni wifi yake, Giza. Hakuna aliyewahi kumwona uso, na joto halikumgusa. Kila alipokuta bonge alikaa hapo, akavuta vilivyo jirani kidogo kidogo, mamilioni ya miaka, bila kuaga wala kusifiwa, mpaka pakawa shimo. Uji ulipopoa, Bi Mvuke akateleza humo, akajikunja, akajifungua.

Sasa kwao mtoto hatolewi nje kabla hajapewa jina la somo wake, yule aliyewezesha azaliwe, na somo ni mmoja tu. Nyota inawaka mikononi mwa mama, lakini mwanga wake haujavuka ukingo wa shimo.

"Bila mkono wangu mbovu, kungekuwa na bonge?" akasema Mtetemo.

"Bonge lako lilikuwa dogo kuliko ulezi," akajibu Mtanuzi. "Nani angelikalia?"

Giza naye akasema: "Mpe jina la umtakaye, wifi. Ila nikiudhika naachia, tuone mtoto atalala wapi."

"Na mimi nikiudhika navuta tena," akasema Mtanuzi. "Mtatawanyika kama pumba."

Mtetemo hakuwa na la kutishia. Alitazama mikono yake tu.

Bi Mvuke hajalala tangu ajifungue. Alitoka kwenye uji akaingia shimoni. Akitaja jina moja anakosana na wawili, asipotaja, mtoto anabaki ndani na nje kunabaki kiza. Amempakata, anawatazama wote watatu.

Haya, mchele umekwisha. Ungekuwa wewe ndiye mama, mtoto ungempa jina la nani?