Rudia, Fundi!

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana waliokuwepo wapo na leo wanajifanya viziwi, palikuwa na sinema katika mji mdogo wa reli. Mwenye sinema alikuwa Bwana Hilali. Fundi wa mashine alikuwa Kibwana. Dirishani alikaa dada yake Kibwana, Mwanaidi, mkata tiketi, mwanamke mwepesi wa hasira.

Watu wa mji ule walikuwa na mtindo wao. Wimbo wa filamu ukiwakolea, walipiga viti mateke wakipaza sauti, "Rudia, fundi!" Kibwana akaurudisha mkanda, wimbo ukaanza upya.

Siku moja feni ya kupoza mashine ikafa. Kibwana akamwendea tajiri wake. "Bwana, mashine inachemka."

"Fungua dirisha," akajibu Bwana Hilali.

Jumapili alasiri ukumbi ukafurika. Wimbo ukaisha. "Rudia, fundi!" Akarudia. "Rudia, fundi!" Akarudia. Walipodai tena, akachungulia akasema, "Jamani, mashine ina moto." Wakamzomea, "Fundi gani mwoga!" Akarudia. Mkanda ukawaka, na dari nayo ikawaka. Watazamaji walitoka salama wote. Kibwana alitoka amepofuka, na sinema ikawa majivu.

Mji ukaitisha kikao: mwenye kosa ahame.

Bwana Hilali akasema, "Feni haikuwasha moto. Nani aliurudisha mkanda?"

Watu wakasema, "Kelele hazichomi nyumba. Sisi tuliomba tu."

Kibwana akasema, "Niliogopa kuzomewa."

Basi wakaafikiana upesi, bila hata haya: ahame Kibwana.

Mwanaidi alipandwa na hasira. Akaenda nyumbani, akarudi na sanduku la nguo za kaka yake, akalibwaga katikati ya kikao.

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Bwana Hilali, uliambiwa ukapuuza. Nanyi mlimzomea mtu aliyewaonya. Kaka yangu halioni sanduku hili. Ninyi mnaliona. Mwenye kosa alibebe!"

Hakuna aliyesogea. Kisha bibi mmoja akauliza taratibu, "Na wewe, mwanangu, hukujua kwamba feni imekufa?"

Mwanaidi alijua. Alijua, na Jumapili ile alikata tiketi mpaka zikamwishia.

Sanduku likabaki palepale. Haya, ninyi mnaosikiliza, acheni kutazamana: je, nani alistahili kulibeba?