Nani Kautafuna Mwezi?

Kaeni chini, tulieni, sikilizeni. Wewe mwenye muwa, meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Ehee! Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao. Mwalimu alikuwa Dundu, yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi. Mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa Panya. Na mwenyekiti wa shule? Fisi. Tumbo mbele, kelele nyingi.

Basi siku moja asubuhi, jua limetoka upande huu, mwezi bado unaning'inia upande ule. Lakini nusu! Fisi akaupiga mlango wa darasa teke, puu!

"Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mzima! Kila siku unapungua. Leo nusu! Nani hapa anatafuna vitu?"

Macho yote kwa Panya. Maana Panya alishatafuna sabuni. Alishatafuna daftari la Nyani. Alishatafuna mpaka kamba ya kengele.

"Jamani, mwezi sijaugusa! Nitaufikia wapi?"

"Mwizi hakosi njia," Fisi akafoka. "Anayeumaliza mwezi anahama pori hili. Shule basi! Funga vitu vyako."

Panya akalia, kwi kwi kwi. Ndo kwanza alikuwa amejua kuandika nusu ya jina lake. Pa.

Mwalimu Dundu akasogea. "Mheshimiwa, shikamoo. Kabla hajaondoka, nisaidie kipindi kimoja tu. Twendeni nje."

Akaenda kichakani. Viringi, viringi, viringi! Akarudi na mpira mweupe pee. Akauchomeka kwenye kijiti, akampa Fisi.

Fisi akaunusa. "Mh! Unanukia. Hii mifupa?"

"Mifupa imo, mheshimiwa. Ila leo huu ndo mwezi wetu. Lipe jua mgongo, inua mpira juu ya kichwa. Uangalie mpira tu. Jua usilitazame, litakuharibu macho. Ukoje?"

"Mzima. Unang'aa wote."

"Haya, geuka polepole mpaka uuelekee mwezi wa kweli."

Fisi akageuka. Kha! Mpira nusu mweupe, nusu giza. Mwezi nusu, mpira nusu. Mapacha!

"Nani kautafuna?" darasa likapiga kelele.

"Geuka tena," akasema Dundu.

Ukabaki kama ukucha.

"Tena, uelekee lilipo jua. Macho kwenye mpira."

Mweusi tii!

"Umekwisha!" Panya akaruka. "Mwenyekiti kaumaliza mwezi! Ahame!"

"Ahame! Ahame! Ahame!" Darasa zima, na Nyani anapiga ndoo.

Fisi jasho. "Sijautafuna! Si huu hapa, nimeushika! Upo mzima! Jua linaupiga upande wa kule, mimi naona upande wenye giza tu!"

"Rudia, mheshimiwa, kwa sauti," akasema Dundu. "Panya, andika."

Fisi akarudia. Akaendelea kugeuka, na mpira ukaanza kurudi: ukucha, nusu, mzima. Panya akaandika yote. Chini akaweka jina lake. Pa. Akafikiri. Nya!

Fisi akajichekesha. "Haya, haya, Panya abaki. Ila mpira huu naenda nao nyumbani, unanukia vizuri. Umeutengeneza na nini?"

"Mbona ni wako, mheshimiwa," akasema Dundu. "Uliuacha jana, kule kichakani."

Nyani akaanguka chini kwa kicheko. Nani asiyejua kwamba mavi ya fisi ni meupe, kwa mifupa anayotafuna?

Ndo hivyo, wanangu. Usimwite mtu mwizi kabla hujageuka ukaangalia mwenyewe kwa upande wa pili. Na mimi hadithi yangu imeishia hapo, mwenye muwa aendelee.

Ila niambieni kwanza. Ungekuwa wewe ndo Fisi, mpira mkononi, darasa zima linakucheka, Panya kakukodolea macho bado yana machozi: ungekimbia, au ungemwomba msamaha?