Nyati Aliyetia Kwato Kabla ya Kusikia Masharti

Masikio yako wapi?

Yako hapa.

Yamesimama au yamekaa?

Yamekaa kitako.

Basi yasiinuke mpaka nimalize.

Hapo kale, katika nyika pana iliyoanzia mtoni na kuishia kwenye vilima vya mawe, aliishi Nguchiro na mkewe na watoto wao wanne, ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Nguchiro alikuwa na tabia moja iliyowachosha majirani. Alipenda kuuliza. Akiona unyoya njiani, atauliza ni wa nani, umeanguka lini, na mwenyewe alikuwa anakwenda wapi.

Mwaka huo nyika ilikuwa imechakaa. Nyasi zimeliwa mpaka shinani, miiba inasogea kutoka vilimani, na upepo ukivuma, fuuu, unaondoka na udongo. Wanyama wakaitana barazani. Wakamchagua Karani-tamba, yule ndege wa miguu mirefu anayezunguka nyasini kutwa nzima, awe msimamizi.

Karani-tamba akatangaza kwamba nyika itagawanywa mafungu, na kila fungu litapata mlinzi. Anayestahili ni yule aliyelala nyasini mvua tatu, yaani misimu mitatu ya mvua, mfululizo. Mlinzi ndiye atakayesema nani akae na nani ahame katika fungu lake. Tena atalamba mwamba wa chumvi wakati wowote, bila kungoja zamu.

Aliposikia chumvi, Nyati akasimama. Akasema yeye amelala nyasini mvua kumi na tatu, na anayataka mafungu yote. Wanyama wakatazama pembe zake, wakampisha.

"Masharti ya utunzaji bado sijayasoma," Karani-tamba akasema.

"Msomee anayetaka kusikia," Nyati akajibu. Akakanyaga udongo mbichi, gu, alama ya kwato ikabaki. Mkataba ukawa umefungwa, wa mvua kumi.

Wengine wakatawanyika kwa huzuni. Nguchiro peke yake ndiye aliyebaki kusikiliza. Karani-tamba akamsomea: mlinzi asichimbe wala asichome moto, ang'oe miiba inayochipua, tena asile wala asikanyage karibu na kiota chenye mayai au makinda. Akivunja sharti, hatalamba chumvi tena maisha yake yote, na mwamba ule unalindwa na tembo.

Kesho yake, gu, gu, gu, Nyati akafika kichuguuni. Akamwambia Nguchiro kwamba mwezi ukiandama asimkute pale, yeye na familia yake, kwa sababu hapendi vitu vidogo vidogo vinavyomtazama akila.

Mke wa Nguchiro alianza kulia. Mtoto wa mwisho alikuwa hajafumbua macho vizuri, angehamishwaje? Nguchiro naye aliogopa, lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na neno linalomwasha. *Karibu.* Karibu ni wapi?

Akaondoka, tipu tipu tipu, mpaka kwa Karani-tamba.

"Shikamoo, mzee. Karibu na kiota ni hatua ngapi?"

"Marahaba. Hatua kumi kila upande."

Akarudi nyumbani. Hakutulia. Akaenda tena, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, mzee. Hatua za nani?"

Karani-tamba akainamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria. "Za mwenye mkataba," akasema mwisho.

Nguchiro akarudi, akakaa kidogo, akaenda mara ya tatu, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, mzee. Na viota vina kikomo?"

"Ndege ana haki ya kutaga anapopenda," Karani-tamba akasema. "Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu."

Kutoka pale akaenda moja kwa moja kwa Mama Kware. Yeye na dada zake walikuwa wamebanana kwenye miiba ya ukingoni, maana kule nyikani kwato za Nyati zilikuwa zimewapondea mayai misimu miwili. Nguchiro akamweleza sharti lilivyo. Mama Kware akamwomba alirudie. Akalirudia. Mama Kware akachungulia nyika kutoka miibani, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hata katikati kabisa?"

"Hata katikati kabisa, mama. Ila msirundikane."

Siku zikapita. Asubuhi moja, kabla mwezi haujaandama, Nyati aliamka akasikia kwi, upande wa kulia. Akageuka, kwi, upande wa kushoto. Mbele, kwi. Nyuma, kwi kwi. Akainua mguu, akamsikia Karani-tamba akimsomea sharti la viota na adhabu ya chumvi. Akaushusha mguu palepale.

Siku ya kwanza alikula nyasi zilizokuwa chini ya kidevu chake. Siku ya pili alilamba udongo. Siku ya tatu Nguchiro alikwenda kumtazama, akaona mbavu zimeanza kujichora. Kumbe hakufurahi kama alivyotarajia.

"Bwana Nyati," akamuuliza, "nyika yote hii uliitakia nini?"

Nyati akashusha pembe. Kisha akasema, "Niliogopa. Nikiacha hata fungu moja, atalichukua mwingine."

Safari hii Nguchiro hakumwongezea Nyati swali. Akaenda tu kwa Karani-tamba kuulizia kama mkataba unaweza kuhamishwa. Unaweza, akaambiwa, kwa yeyote aliyelala nyasini mvua tatu. Nguchiro alikuwa na mvua nne. Nyati akakubali mbele ya mashahidi, Nguchiro akabandika unyayo wake juu ya alama ile ya kwato, na Kware wakamwonyesha Nyati njia ya kutokea, hatua kwa hatua, mpaka kwenye matete ya mtoni.

Mvua ikanyesha. Makinda yakaruka. Nyasi zikaota, zikapanda, zikafika magotini mwa swala, kisha tumboni, kisha mabegani. Nguchiro akatoka kichuguuni asubuhi, akasimama kwa miguu miwili, asione kitu. Akaruka, asione kitu. Akasikia kishindo mbali, akataka kujua ni cha nani, akashindwa. Alivumilia siku saba. Siku ya nane akashika njia ya mtoni, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, bwana Nyati," akasema. "Viota sasa ni vitupu. Umeshakula leo?"

Ngano imelala hapo. Atakayeiamsha aibebe mwenyewe.

Na funzo lake ni hili, watoto wangu: mkiletewa mkataba, msiulize maswali. Mtamchosha karani bure. Tieni kwato mwende zenu.